Aliyesimama Wima Katikati ya Majani

Mimi si mwepesi wa kumwamini mtu, na nyumba za kampuni ya chai hazikunisaidia kubadilika. Miaka ya sitini ikielekea kuisha nilitoka upande wa Kisii, nikavuka mpaka pale Chepilat na watoto wawili, nikaja Kericho kuchuma majani. Nyumba ilikuwa ya kampuni: usipochuma, unafungasha virago.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja Mkipsigis, rika la mama yangu, na mistari yetu shambani ilipakana. Nilimshuku tangu wiki ya kwanza. Kila alipomaliza mstari alisimama, akaweka mikono kiunoni, akajinyoosha polepole, kisha akatazama juu ya vichwa vyetu. Kwenye majani, anayesimama wima hivyo ni nyapara peke yake; sisi wengine huonekana vitambaa vya kichwa tu. Nikajua anatuchunguza.

Isitoshe, kikapu chake hakikujaa hata siku moja. Alikipeleka kwenye mizani kikiwa nusu, akarudi, akapeleka tena. Safari zote hizo za nini, kama hapeleki maneno? Hata kukiinua alipiga magoti kwanza, nami nikaona ni unafiki wa kanisani.

Basi nikamuwahi. Nilimwambia nyapara kwamba yule mama anazurura tu. Wiki iliyofuata alihamishiwa mteremko wa kule mtoni, ambao kila mtu aliukwepa. Nilifurahi, sitasema uongo.

Mimi nilijaza kikapu mpaka pomoni, nikakiinua kwa kuinama kiunoni, haraka, kwa maringo. Asubuhi moja mgongo ulinishika mbele ya mizani. Sikuweza kuinama wala kuinuka. Nyapara alinipa siku tatu. Baada ya hapo nyumba angepewa mwingine.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na tope la mteremko miguuni. Nikadhani amekuja kunicheka. Chai aliyoniletea sikuigusa, maana sikujua ametia nini. Akakitazama kitanda changu cha kamba kilichobonyea katikati, akatikisa kichwa, akatandika blanketi sakafuni.

"Najua ni wewe ulipeleka maneno kwa nyapara," alisema. "Lala chini kwanza."

Nikalala. Akainua miguu yangu juu ya kigoda, magoti yakakunjika, maumivu yakalegea kidogo. Nikamuuliza kule kwenye majani alikuwa akitazama nini.

"Hakuna kitu natazama. Macho ikienda mbali, shingo inainuka, na mgongo inafuata. Nimechuma tangu nikiwa msichana, na mgongo haijanilaza hata siku moja."

Alikuja jioni zote tatu. Siku ya nne nilijikokota kazini, kikapu nusu, nikapiga magoti kabla ya kukiinua. Nilipomaliza mstari wa kwanza nilisimama, mikono kiunoni, nikatazama mbali. Nilichokiona ni kitambaa chake kule chini mtoni, kikipanda mteremko polepole.

Kila siku nilisema kesho nitamwendea nyapara nimwombe amrudishe. Sikwenda. Wenzangu walikuwa wameshaanza kunitupia jicho baya kila niliposimama, na niliogopa waseme mimi ndiye ninayepeleka maneno.