Viatu vya Mfagiaji

Mfagiaji wa ofisi aliteleza ngazini akavunjika nyonga. Msimamizi wake, ambaye kwa miaka tisa aliitikia salamu zake kwa shingo upande, alimtembelea hospitalini mara mbili kwa siku moja.

"Mama, vile viatu vya kazi tulivyokupa viko wapi? Nikakusafishie."

Mfagiaji akajisemea moyoni, huyu si bure. "Nilipoanguka sikuangalia viatu, bosi."

Msimamizi alipotoka tu, mfagiaji akamnong'oneza bintiye aliyekuwa kando yake: "Viko chini ya kitanda. Mpelekee wakili leo hii. Soli zimelika, zinateleza kama sabuni."

Kampuni ilipodai mahakamani kwamba alikuwa akikimbia, wakili aliviweka mezani. Fidia ikalipwa. Hadi leo, mtu akimwonea huruma ghafla, yeye humuuliza kwanza amefuata nini.