Hadithi za Mchana Juu ya Dungu

Jikoni kwangu hakuna anayewasha moto kwa karatasi. Nina gunia zima la maganda ya alizeti, nina vijiti, nina majani makavu. Ukivikosa vyote hivyo, nenda ukaombe kaa la moto kwa jirani. Mke wa mwanangu analijua hilo. Lakini juzi mvua ililowesha maganda, naye akachana daftari kuukuu akawashia jiko wakati mimi niko uani nachambua vitunguu. Harufu ikanifikia. Karatasi hainuki kama kuni. Ina ukali mwembamba unaopanda puani mpaka kwenye paji la uso, halafu unabaki utamu kidogo. Niliacha vitunguu nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Mkwe wangu alidhani ni vitunguu vilivyonitoa machozi. Nikamwacha adhani.

Tena harufu ile imekuja wiki ile ile ya mkutano wa shule. Mwalimu wa mjukuu wangu Naanjela alituita wazazi na walezi, akatuuliza watoto wa darasa la nne hadi la saba wanunuliwe vitabu gani vya hadithi. Naanjela yuko la tano, na kusoma anasoma kama mtu anayemimina uwele kwenye ungo. Nasema hivyo mbele ya yeyote. Basi baba mmoja akasimama: "Hadithi za nini? Nunueni vitabu vya mitihani." Wengi wakamwitikia. Mimi sikusema kitu pale. Nasema sasa, kwa penseli ya Naanjela. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo siwezi kuwapa sababu za wasomi. Nawapa kilichonipata.

Nilikulia upande wa Kinyangiri. Uwele ulipoanza kuiva, kwelea, wale ndege wala nafaka, walikuja kama moshi unaotafuta pa kutua, na sisi watoto tuliacha shule tukapanda dungu. Dungu ni jukwaa la miti katikati ya shamba. Unakaa juu yake na kombeo, madongo na debe bovu, unapiga kelele tangu jua linachomoza mpaka ndege wamekwenda kulala. Kelele yoyote inafaa. Taabu ni kwamba maneno yanaisha. Baada ya siku chache umeshawatukana ndege kwa matusi yote ya nyumbani kwenu, na mengine umeyatunga mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa dada kijana kutoka mbali, aliyevaa viatu hata akipita shambani. Alinikuta njiani na debe langu, akafungua mkoba akanipa kitabu.

"Kama huwezi kuja shuleni, soma huko huko," alisema. "Soma kwa sauti. Ndege hawatajua kama ni hadithi."

Kitabu hakikuwa na jalada, kwa hiyo jina lake silijui mpaka leo. Kilikuwa kinanuka mafuta ya taa na sabuni. Ndani yake kulikuwa na binti wa umri wangu aliyeona ufa kwenye jiwe kubwa nyuma ya kwao, akajipenyeza, na ndani ya jiwe kulikuwa na nchi. Mvua imefungiwa kwenye vibuyu, na mbuni wanaosema kama watu wanavilinda. Jamani, jiwe! Kwetu mawe ndiyo yamejaa, makubwa kama nyumba. Tulianika nguo na mlenda juu yake, tukayapa mgongo. Jioni nikishuka dunguni nilikuwa nayapapasa mawe ya nyuma ya zizi, natafuta ufa, vidole vinatoka damu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kitu ninachokiona kila siku kinaweza kuwa na ndani.

Nikasoma kwa kupiga kelele, mbuni nikawapa sauti nene, na kwelea walikimbia kuliko walivyokimbia debe. Mwaka ule shamba letu halikuliwa.

Aliyekuwa akiniletea chakula ni shangazi, dada yake baba. Alikuwa ameachika kwa kukosa mtoto, amerudi kuishi uani kwa kaka yake, na anatembea humo kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Mwanzoni alileta ugali na mlenda jua likiwa utosini. Baadaye akawa anakuja umande haujakauka. Anakaa chini ya dungu, ameegemea mti, miguu ameinyoosha. Alisema inamuuma. Nikinyamaza kidogo ili nimeze mate, anafoka kutoka chini:

"Mbona umenyamaza? Ndege wanakula!"

Mimi nilidhani anaujali uwele wa kaka yake tu.

Sasa mjue, kwetu hadithi ni za usiku, tena mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Ukisimulia mchana, ng'ombe wa baba yako watapotea. Mwiko huu niliujua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilijiambia, mimi sisimulii, nasoma. Kanisani walisoma Biblia jua likiwaka, na sikuona ndama aliyepotea.

Nilikuwa nimefika pale binti amesimama mbele ya vibuyu vitatu. Kimoja kina mvua ya kwao, kimoja kina mafuriko, kimoja kina njia ya kurudi nyumbani, na mbuni mzee anamwambia achague kimoja tu. Jua likazama. Nikakunja ukurasa, nikashuka. Jioni hiyo mtamba mwekundu wa baba hakurudi zizini.

Watu wakakusanyika uani. Baba akauliza nani hakufunga lango. Jirani wa shamba la pili akakohoa, akasema, "Mimi la lango silijui. Ila huko kwenye dungu lako nasikia mtu anahubiri mchana kutwa."

Baba hajajibu, shangazi akasimama upesi, na mimi sikuwahi kumwona akiinuka upesi namna ile.

"Ni huyu!" Akaninyooshea kidole. "Anasimulia hadithi jua likiwaka! Nimemkataza, hasikii!"

"Hukunikataza, shangazi."

"Unambishia mkubwa wako?" Baba huyo.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kukitoa kitabu chini ya mkeka wangu. Kitabu kizima hakishiki moto vizuri, kwa hiyo alikichana ukurasa mmoja mmoja, akauweka kwenye mafiga, akautazama mpaka ukajikunja ukawa mweusi. Alifanya hivyo hadi mwisho. Mimi nilisimama nimeshikwa mkono na baba, navuta ile harufu.

Asubuhi mtamba akarudi mwenyewe, anatembea kwa maringo. Alikuwa amefuata dume ng'ambo ya korongo. Yeye hadithi hakuisikia hata moja. Basi watu wakacheka, wakanywa maziwa, wakatawanyika, na hakuna aliyenitazama. Baba alikuwa ameshatamka kwamba shule ndiyo inayofundisha watoto kuvunja miiko, na neno la baba lilikuwa kama mate, likishatoka halilambwi tena. Mwalimu alikuja nyumbani kuniombea nirudi shuleni. Baba akampa kigoda na kibuyu cha maziwa, jibu hakumpa. Alipoondoka alinitazama mara moja. Kitabu chake hakukidai. Afadhali angekidai.

Nikachunga. Nikaolewa. Nikazaa. Miaka mingi niliamini nusu nusu kwamba kweli mdomo wangu ulimpoteza yule ng'ombe.

Shangazi alipozeeka, aliletwa kwangu, maana hakuwa na mtoto. Nilimwogesha, nilimlisha. Siku moja, jua la saa nane limejaa mlangoni, bakuli la uji liko mkononi mwangu, akafungua macho.

"Yule binti," akasema.

"Binti gani, shangazi?"

"Wa kwenye jiwe. Alichagua kibuyu kipi?"

Uji ulinimwagikia mapajani nisisikie moto wake. Ndipo nilipoelewa kwamba miguu haikuwa ikimuuma. Nikaelewa kwa nini alikuja na umande. Nikaelewa pia kwa nini alisimama upesi namna ile: kabla mtu hajauliza nani alikuwa akikaa chini ya dungu kusikiliza. Mwanamke aliyeachika, hana mtoto, anakula kwa kaka yake. Lile kosa la ng'ombe likimwangukia yeye, analala wapi? Akalisukumia kwangu. Na zile kurasa hakuwa akizichoma tu. Alikuwa akizitazama, asiyejua hata herufi moja, kama atauona mwisho ukipita.

Nimesema nimeelewa. Sijasema nimesamehe. Wajukuu zangu wote nimewasimulia kisa kile, na kila mmoja nimempa kibuyu chake, kwa hiyo mwisho wa kubuni ninao tele. Yeye sikumpa.

"Sijui, shangazi," nikamwambia. "Ulikichoma kabla sijafika."

Akageukia ukutani. Alizikwa bila kujua, nami nitazikwa bila kujua.

Kwa hiyo, mwalimu, neno langu ndilo hili. Wanunulie vitabu vikubwa ambavyo mtoto anaingia ndani ya jiwe, anapotea, anadanganywa na mbuni, anachagua vibaya, anajitoa mwenyewe. Vile vijitabu vya mtoto mtiifu anayepewa mbuzi mwishoni waachie wazazi, sisi hayo tunayasema bure kila siku. Kabla hujalipa, fungua nyuma uone kama kurasa za mwisho zipo. Halafu wape waende navyo nyumbani, wasome kwa sauti, jua likiwaka. Na mzazi asiyejua kusoma asogee akae karibu. Miguu ikimuuma, imuume.

Jana Naanjela alikuwa ananisomea uani huku napukuchua alizeti. Alifika pagumu, akanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" nikafoka. "Ndege wanakula!"

Akaangalia juu, akaangalia uani kote.

"Ndege gani, bibi?"

"Wewe soma," nikamwambia.