Chapati Iliyoning'inia Ukingoni

Nilikuwa nasukuma chapati jikoni kwetu Forest, mtaa wa hapa Brussels, mume wangu akaingia, ndio kwanza anarudi milimani alikokwenda kuteleza kwenye theluji na wenzake wa kazini. Akaivuta chapati mbichi, akaiacha ining'inie nje ya meza.

“Upepo huisukuma theluji mpaka inaning'inia hivi nje ya ukingo wa mlima, chini hakuna kitu. Ukiwa juu unaona mlima tu. Ukiikanyaga haikatiki hapa ukingoni, inakatika kule nyuma yako. Kwa hiyo unakaa mbali kabisa, hata ukiona nyayo za watu. Na chini yake hupiti.”

“Nani kakufundisha?”

“Yule dada wa ofisini.”

Nilijua! Kila aliponipigia simu wiki nzima ni yeye tu: yeye anaijua theluji, yeye haogopi.

“Nilitoka nje ya njia iliyotengwa, nikausogelea ukingo. Akanipigia kelele, ‘Simama!’ Nikasimama palepale.”

Nilipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake roho iliniuma, nikabaki naangalia nyayo zake za matope, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Tangu tuhamie Brussels namwambia avue viatu mlangoni.