Pua za Wodi ya Watoto Wachanga

Mtani wangu Mnyamwezi alirudi kutoka masomoni Ulaya na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la chupa ndogo ndogo, na lile la nguo aliliachia mpagazi. La chupa alilipakata mwenyewe mpaka maabara. Ndani yake, alitutangazia, mlikuwa na virusi vinavyokula bakteria.

"Kila chupa ina mlaji wake," akasema. "Huyu anamla bakteria wa ukoo huu, wa ukoo ule hamgusi. Nipeni mdudu yeyote, nitawatajia ukoo wake."

"Ukoo wa mdudu?" nikamwuliza. "Wa kwako mwenyewe unaujua?"

Ndivyo tulivyokuwa. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, utani wetu tumeukuta kwa mababu, na mkuu wa maabara alikwisha kukata tamaa ya kuukomesha. Tulikuwa meza moja katika hospitali ya upande wa Upanga, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu na kila ndugu alikuwa kwenye foleni. Sukari foleni, sembe foleni, sabuni ndiyo usiseme.

Mimi mtu wa vikaratasi. Unapaka bakteria kwenye sahani ya jeli, juu yake unapanga vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa, hiki penisilini, hiki tetrasaiklini, hiki streptomaisini, unaweka kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Dawa inayoua inaacha duara tupu. Isiyoua, wadudu wanaota mpaka ukingoni mwa kikaratasi bila haya. Wadudu wawili wakigomea dawa zile zile, basi ni wamoja, na mimi naenda zangu kunywa chai. Vikaratasi vilipoadimika nilivitoboa mwenyewe kutoka karatasi ya kukaushia wino, kwa kile kidude cha ofisini cha kutobolea mafaili. Bei yake bure.

Zile chupa za mtani zilitaka baridi kama bibi harusi anavyotaka kubembelezwa, na friji letu lilikuwa na siku zake. Likizima, mtani anaingia mguu njia mpaka Feri kuomba barafu kwa wauza samaki. Anarudi na ndoo, chupa zinakaa humo, maabara nzima inanuka changu.

"Sayansi ya Ulaya hiyo," nilikuwa namwambia. "Lete na ndimu."

Mchezo ukaisha majipu yalipoingia wodi ya watoto wachanga. Yalianza kwa mtoto mmoja, shingoni, nyuma ya sikio. Kisha wa kitanda cha pili, kisha yakawa hayachagui. Penisilini haikufua dafu. Tetrasaiklini ndiyo kabisa. Metroni, mama wa Kichaga aliyekuwa akitembea mpaka sakafu inasimama wima, akaamuru kila pua iliyokuwa ikiingia wodini ipimwe, kwa sababu bakteria wa majipu hupenda kufanya makazi puani mwa mtu mzima, mwenyewe hana habari.

Nikazunguka na vijiti vyangu vya pamba. Wauguzi, madaktari, wafagiaji, wote niliwapekua pua. Wa mwisho nikamgeukia mtani, maana yeye ndiye aliyekuwa akipanda wodini kila asubuhi kuchukua vipimo, tangu kabla ya majipu.

"Mimi ni mpimaji," akasema, "sipimwi."

"Mnyamwezi, lete pua hiyo!" Nikamzamisha kijiti mpaka machozi yakamtoka. Utani una faida zake.

Kesho yake nikafungua kabati la joto, nikasoma sahani zangu moja moja. Wadudu waliogoma sawasawa na wale wa watoto walikuwa wa pua ya shoga yangu. Sahani zilizobaki, ya mtani ikiwa ya mwisho, sikuzisoma tena.

Shoga yangu huyu alikuwa muuguzi, Mwanglikana kutoka Masasi, amepanga chumba nyumba ile ile niliyopanga mimi, Kariakoo, tukipika uani kwa zamu. Hakuwa na mtoto wake. Wodi ile ndiyo ilikuwa kila kitu kwake. Akirudi kazini alikuwa ananisimulia nani leo kanyonya vizuri, nani kacheua, nani kafumbua macho, mpaka ugali unaungua. Metroni aliposoma majibu yangu alimpa mpaka mwisho wa juma. Baada ya hapo ahamie wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na watoto wachanga asiwaguse tena.

Jioni ile hakulia. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi, akitazama mikono yake. "Na mimi ndiye ninayewaosha," akasema. "Hata sabuni ikikosekana natoa yangu ya nyumbani."

Niliumia, wacha niseme ukweli, niliumia nikashindwa kula. Na hapo, huku nikimtafutia neno la kumwambia, mpangaji wa chumba cha mbele, fundi cherehani, akapita na kidole alichojichoma sindano. Akatoa mfukoni rangi mbili, kile kidonge cha tetrasaiklini cha nyekundu na njano, akakitegua katikati kama karanga, akanyunyiza unga kidondani. Kilichobaki akakibwia, kisije kikaharibika.

Nikamkodolea macho. Rangi mbili! Kariakoo nzima tulikuwa tunaishi kwa rangi mbili. Jino, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Mafua, chunusi, hata mtu kaota ndoto mbaya, anatumwa mtu sokoni akanunue kimoja kimoja kwenye meza ya wembe na viberiti. Ni mdudu gani wa Kariakoo ambaye angeogopa dawa aliyolelewa nayo?

Asubuhi nikajipima pua mwenyewe, nikampima na fundi cherehani, nikampima na muuza kahawa wetu aliyecheka mpaka akamwaga kashata. Sahani zilipoiva, wote watatu tulikuwa tumegoma vile vile kama majipu ya wale watoto. Muuza kahawa, ambaye wodi ile hajawahi hata kuiota! Vikaratasi vyangu vilikuwa vinaniambia dawa gani mdudu haogopi. Ametoka kwa nani, havikujua, na mimi nilikuwa nimevisemesha visilolijua.

Basi nikaenda kwa mtani, na wenye watani wanajua ilivyoniuma.

"Lete chupa zako za samaki," nikamwambia.

Hakunizomea. Aliniuliza tu, "Nikupimie pua ya nani?"

"Zote. Na majina sikupi." Maana nilimjua alivyompenda yule shoga yangu, kila mtu alimpenda, na jicho linalopenda halikawii kuona linachotaka. Nikabandika plasta juu ya kila jina, nikamkabidhi.

Alipaka kila mdudu kwenye sahani yake, akadondosha matone ya chupa zake kwa mistari, kila tone mahali pake. Virusi vikikuta mlo wao, vinaacha kitundu cheupe. Visipoukuta, hakuna kitu. Mpangilio wa vitundu ndio ukoo. Siku ya kusoma, Metroni alikuja mwenyewe, na shoga yangu nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Mtani akasimama dirishani na lenzi, akaweka sahani ya mtoto mkono huu, akapitisha nyingine moja moja mkono ule. Siyo. Siyo. Siyo huyu. Halafu akaruka.

"Huyu hapa! Tundu kwa tundu! Metroni, mtu huyu asikanyage tena wodini, awe nani, awe mkubwa wa namna gani!"

Nikaichukua ile sahani, nikabandua plasta. Nikasoma, nikasoma tena. Nikampa mtani asome mwenyewe.

Ilikuwa pua yake.

Metroni akabandua ya shoga yangu. Vitundu vyake vilikaa kwingine kabisa. "Sista," akamwambia, "rudi wodini kwako." Shoga yangu akaketi chini palepale sakafuni, hapo ndipo alipolia.

Mtani alikuwa bado anaitazama sahani. "Adhana," akasema polepole.

"Nini?"

"Wale kina mama. Baba wa watoto hawaruhusiwi kuingia, wanaishia getini. Wananiomba mimi, Mwislamu mwenzao, niwaadhinie watoto. Nainama mpaka sikioni, kila asubuhi." Akajishika pua. "Nimewapa adhana na majipu pamoja."

Jamani, hata mimi Mzaramo nilimwonea huruma. Alipakwa marhamu puani, akafungiwa mlango wa wodi mpaka apimwe upya, na majipu yakaanza kukauka. Mbele ya kina mama alitaka ardhi impasukie. Lakini hao kina mama wakaendelea kumwulizia. Yule wa sauti nzuri yuko wapi? Mwanangu atarudi nyumbani hivi hivi, hajaadhiniwa?

Aliyemfuata alikuwa shoga yangu. Akamsimamisha nje, kwenye maua, hatua kadhaa kutoka dirisha la wodi. Yeye akaingia ndani, akanawa mikono, akamnyanyua mtoto, akalisogeza sikio la kulia kwenye wavu wa mbu.

"Haya kaka, anza," akasema. "Paza sauti, lakini usisogee."

Mtani akaadhini huku machozi yanamtiririka kwenye marhamu. Alipomaliza akavuta pumzi, akainua mkono kumwonyesha amgeuze mtoto kwa ikama ya sikio la kushoto. Alikuwa amekwisha kumgeuza.