Treni mbili nilizomnunulia Mwende: ya kwanza ilinishinda, ya pili ilitufikisha Kola

Wakuu, habari za mchana. Nimesoma nyuzi za watu humu kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo acha nami nitoe yangu. Sitatia chumvi, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitaruka.

Mimi naitwa Mutiso, ni fundi wa friji, naishi Syokimau, nje kidogo ya Nairobi. Nilioa mwanamke ambaye tayari alikuwa na mtoto, msichana anaitwa Mwende. Mke wangu alikuwa akifanya kazi Nairobi, kwa hivyo Mwende alilelewa kijijini Kola, huko Machakos, na nyanya yake, ambaye anamwita susu kama Wakamba wengi. Alipofika miaka sita tukamchukua tuishi naye.

Hakunikataa kwa kelele. Alinikataa kwa adabu.

Sukari ikiwa karibu na mkono wangu, anamwambia mama yake amwambie huyo baba aisongeze. Mimi naisongeza, yeye anasema asante kwa mama.

Ndani ya nyumba yetu alipenda kitu kimoja tu, balcony. Ukisimama hapo unaona treni ya abiria ikiingia stesheni asubuhi na jioni. Alikuwa anashika vile vyuma na kuiangalia mpaka behewa la mwisho lipotee.

Nikajiambia hii kazi ni rahisi. Mtoto anapenda treni, mnunulie treni.

Na kwa kuchagua mashine mimi najiamini. Nilienda duka kubwa la vitu vya watoto nikachagua ile ya betri. Taa mbele, honi, moshi kidogo, reli ya duara. Nilipindua kila gurudumu kama nakagua friji ya mteja. Muuzaji alichoka na mimi.

Jumamosi nikaiweka katikati ya sitting room, nikawasha. Wakuu, ilikuwa safi. Mimi mwenyewe nilifurahi.

Mwende akaiangalia ikizunguka mara tatu. Halafu akamgeukia mama yake akauliza inaenda wapi. Nikajibu mimi, nikasema inazunguka. Akarudi zake balcony.

Treni ikaendelea kuzunguka na mimi peke yangu.

Wiki iliyofuata ndiyo sitaisahau. Mke wangu alikuwa ametoka, mimi nimebaki na mtoto. Mteja akapiga simu, friji yake imeanza kuvuja. Nikaongea naye dakika chache chumbani. Kurudi, mlango uko wazi na Mwende hayuko.

Sijui vile nilishuka zile ngazi. Pale kwa gate watu wa boda boda wakaniambia wamemwona mtoto na bag ya shule akielekea upande wa stesheni. Nikakimbia na slippers.

Nilimpata ameketi kwa benchi, bag kwa magoti, kando yake askari wa kike amesimama. Yule askari akanieleza kwamba mtoto amesema anaenda kwa susu yake Kola. Alimwambia treni hii haifiki Kola, inaenda Nairobi. Mtoto akajibu, "Basi nitangoja inayofuata."

Nikataka kumshika mkono twende. Askari akaweka mkono wake katikati, kwa upole lakini amemaanisha. Akamuuliza Mwende, "Huyu ni nani yako?"

Mwende akaniangalia. Watu wanapita, wengine wameanza kusimama. Niliona vile hiyo picha inakaa: mwanaume anahema, na mtoto amekumbatia bag yake.

Mwishowe akasema, "Ni wa mama."

Askari hakutosheka, akanifanya nimpigie mke wangu waongee. Alifanya vizuri. Nilimshukuru siku hiyo, na nikipita pale bado namsalimia.

Wengi mtauliza kama nilimchapa au nilimfokea. La. Mlango ni mimi niliuacha bila kufunga. Tulirudi nyumbani polepole, nikambebea bag. Ndani alikuwa amepakia sweta moja na mkate.

Nikaamua kuanza upya, safari hii si mimi wa kuchagua. Jumamosi nikaenda naye Machakos mjini, sokoni kwa mama mmoja anauza toys za mitumba. Kulikuwa na treni za kila aina, nyingine zinawaka kama za sherehe. Mwende akazipita zote. Akainama kwa gunia lililojaa reli za mbao, hazina hata boksi. Akachukua vipande viwili, akaviunganisha, akavitenganisha, akaunganisha tena.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Hii haina mota, hii imechubuka rangi. Nikayameza.

Akaniuliza, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, "Hii inaweza kufika mbali?"

Nikamwambia, "Itafika pale wewe utaweka reli."

Tukabeba gunia lote. Injini moja na mabehewa manne, yanashikana kwa sumaku.

Kwa wale mnataka kununua, shikeni hili. Hesabu vipande vilivyonyooka kabla ya kuangalia injini, kwa sababu ukiwa na kona tupu utarudi kwa ile duara. Kipande kidogo cha kumezwa kitoe. Betri achana nayo. Treni ikisukumwa na mkono wa mtoto, yeye ndiye anaamua isimame wapi.

Sasa mchezo. Kila jioni reli inaanzia kwa mlango, inapita chini ya meza, inaishia chumbani kwake. Chumbani ndiyo Kola. Abiria ni vibanio vya nguo. Kazi yangu ilikuwa kulala tumbo na kushikilia reli zisiachane. Yeye ndiye bosi, na ni bosi mkali.

Baada ya siku kadhaa nikagundua kitu. Abiria wote wanashuka Kola, halafu treni inarudi tupu. Kila siku. Jioni moja nikaweka kibanio kimoja kwa behewa la kurudi. Akakitoa, bila hasira.

"Hakuna mtu anarudi," akasema.

Nilimweleza mke wangu. Yeye ndiye alielewa haraka kuliko mimi. Tulikuwa tumemwambia mtoto ataenda kwa susu shule zikifunga. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo ni sawa na kumwambia hataenda.

Tukakubaliana tutampeleka kila baada ya wiki mbili, mvua au jua. Safari ya kwanza alikuja na gunia lake. Wakatandaza reli kwa veranda ya simiti, yeye na susu yake, mama mkwe wangu ameketi chini miguu amenyoosha, anauliza stesheni ni zipi na zinaitwaje. Nilishangaa mtoto alikuwa na majibu yote.

Jumapili baada ya kanisa na chakula, saa ya kuondoka ikafika. Mimi na mke wangu tulikuwa tumejiandaa kwa kilio. Nikaanza kukusanya reli. Mwende akanizuia.

Akapanga vibanio vyote kwa mabehewa. Kimoja akakiacha Kola, akamkabidhi susu mkononi. Halafu akaisukuma treni, imejaa, mpaka mwisho wa veranda pale nilikuwa nimesimama.

"Mutiso," akaniambia, "twende nyumbani."

Akaenda akaingia kwa gari. Mama mkwe akageuka, akaanza kuwarushia kuku mahindi, na walikuwa wameshapewa.

Mke wangu alitaka kumrekebisha, kwamba mtu mzima haitwi kwa jina hivyo. Nikamwomba aache. Nilikuwa nimengoja hilo jina miezi.

Mpaka leo ananiita Mutiso. Baba hajasema, na simdai.

Nilichojifunza ni hiki: treni ya kwanza niliinunua ili mtoto anipende. Ya pili niliinunua kumsaidia afike alikotaka kwenda, hata kama huko si kwangu. Ukiweza kufanya hiyo ya pili, usiogope, na wewe pia utachukuliwa.

Haya, uwanja ni wenu. Mliolea mtoto mliyemkuta ameshakuwa na akili zake, nyinyi mliingilia mlango gani?