Mji wa Mvua Juu ya Kichuguu

Nilimwogopa mkaguzi wa shule kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya misheni mjini Élisabethville, Katanga, na mwalimu aliyeharibu mbele ya mkaguzi alipelekwa kufundisha porini, kule ambako daktari hafiki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Tulikwisha kuzika watoto wawili, na safari hii aliambiwa asikae mbali na hospitali hata kidogo.

"Bakikutuma mu pori," aliniuliza, "miye nitabakia na nani?"

Nikamjibu kwamba nimejiandaa. Uongo mtupu.

Somo lenyewe sikulichagua mimi. Padri mmoja mzee alikuwa amefukuzwa China, na tangu aletwe kwetu hakuacha kuusimulia mji wake wa milimani. Mkuu wa shule akaamua hiyo ndiyo jiografia ya kumwonyesha mkaguzi. Basi padri akanikalisha, akanieleza: mji uko bondeni, mto unapita katikati, na upande wa magharibi milima inapanda mpaka Tibet. Upepo wenye unyevu ukigonga milima hiyo unamwaga maji yake hapo hapo, kwa hiyo mvua hunyesha karibu kila siku, nyembamba, ya kuchosha. Tangu enzi za wafalme, wapagazi walitoka hapo na chai iliyoshindiliwa kama matofali mgongoni, wakapanda kwa miguu majuma mengi, kila mmoja na fimbo ya kuegemezea mzigo akipumzika.

Wapagazi niliwaelewa, babu yangu alibeba chumvi. Mvua ya kila siku ndiyo iliyonishinda. Kwetu ilikuwa Oktoba, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria, na tangu Aprili hatukuwa tumeona tone. Watoto ningewaelezaje?

Nyuma ya shule kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa letu. Wanafunzi wakakichonga ngazi, wakapanga nyumba za udongo, wakachora mto kwa majivu, wakasimamisha wapagazi wa vijiti. Kilipendeza, sikatai. Padri alikuja kukitazama, akarekebisha daraja kwa kidole, akaondoka.

Alfajiri ya siku ya ukaguzi, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka. Nilicheka peke yangu kitandani: Mungu amenipa kifaa cha kufundishia! Mimi, mzaliwa wa Katanga, niliyekula inswa tangu sijaota meno, sikukumbuka kumbikumbi hao hutoka lini na hutokea wapi. Hofu ilikuwa imenila akili.

Saa tatu mvua ilikuwa imekatika. Mkaguzi alisimama na daftari lake, watoto wamejipanga kuzunguka kichuguu. Niliuliza kwa nini mvua inaupenda mji ule. Mkono ukainuka.

"Sababu mulima inakamata mupepo..."

Hakumaliza. Kwenye ngazi za China walianza kutoka kumbikumbi wachache, kisha wakafumka kila mahali, wingu zima la mabawa.

"Mwalimu, inswa!"

Darasa likavunjika. Walivua mashati wakayafanya mifuko, wakaparamia kichuguu, wakakanyaga soko na daraja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mmoja akaniletea kiganja kilichojaa, kwa heshima zote.

"Yako hii, mwalimu."

Mkaguzi alimwita huyo huyo, mdomo ukiwa bado unatafuna, akamuuliza habari za upepo, mto na chai. Alijibu yote sawasawa. Nikaanza kupumua. Ndipo mkaguzi akanigeukia, akaniita mwalimu kwa Kifaransa.

"Moniteur, batoto banajua somo. Lakini darasa yako iko wapi?"

Barua ya uhamisho ilifika kabla ya Novemba kwisha. Mke wangu akabaki kwa dada yake, mtaa wa Katuba, mimi nikapanda lori la porini. Mtoto alizaliwa Januari, wakati mvua zimekata barabara. Habari niliipata kwa mchuuzi wa samaki aliyekuja kwa miguu. Alisikia tu kwamba mama amejifungua, na hakujua zaidi ya hapo. Kwa majuma matano, mpaka barua ya mke wangu iliponifikia, nilisimama mbele ya watoto wa watu bila kujua kama nina mtoto au kaburi la tatu.

Mtoto nilimwona Mei, barabara zilipofunguka. Alikuwa mzima, mnene. Nilipomchukua alilia mpaka nikamrudisha kwa mama yake.