Bangili ya Shangazi

Karakana aliyofanyia kazi shangazi ilitengeneza inveta za kuendeshea mota za viwandani. Meza yake ilikuwa ya transista za aina mpya, swichi za umeme ndogo kama ukucha, zinazostahimili joto kali na kupoteza umeme kidogo kuliko zile za zamani. Joto hazikuliogopa. Kilichoziua ni umemetuli, ule unaojijenga mwilini mtu akitembea tu. Kwa hiyo kila fundi alivaa bangili yenye waya, na waya ule ulichomekwa mezani ili umeme wa mwilini uende ardhini.

"Bangili," shangazi aliwaambia wenzake hata kabla ya salamu. Siku moja alimkuta Kicheko, binti wa meza ya pili, ameshika transista mkono mtupu. Akamsema mbele ya karakana nzima, mpaka binti yule asiyejua kununa akainamisha kichwa.

Juma lililofuata, shangazi alitoka kwenye sala ya mchana akarudi mezani na haraka zake. Alipokwisha kupanga trei nzima ndipo akauona waya wake unaning'inia ubavuni mwa kiti. Bangili ilikuwa mkononi. Waya haukuchomekwa popote.

Dawa ilikuwa moja, kuitupa trei na kusema kwa nini. Alimtazama Kicheko, aliyekuwa ameinamia kazi, waya wake umechomekwa vizuri, kisha akaisukuma trei kwa wapimaji. Trei ikapimwa, ikapita. Lakini shangazi alijua kwamba transista iliyojeruhiwa na umemetuli huweza kupita leo ikafa baadaye. Tangu hapo, kila aliposali, akifika penye kuomba msamaha alikwama, akaparuka.

Haikupita miezi mingi, inveta moja ikarudishwa kutoka kiwanda cha sabuni, imeungua. Mota ya kukorogea ilisimama katikati ya kazi, sabuni ikagandia kwenye pipa, wakaichonga kwa patasi. Msimamizi aliifungua mbele ya wote, akasoma tarehe ya transista: ilikuwa siku ile waya wa shangazi ulipoachwa.

"Ni transista. Na tunajua nani hapa hapendi bangili," alisema, akimgeukia Kicheko. "Kuanzia kesho wewe ni wa kufunga maboksi."

"Mzee, tangu siku niliyosemwa mimi bangili naoga nayo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akasimama.

"Mwache. Trei ile ni yangu. Waya wangu haukuchomekwa."

"Ulijua lini, mama?"

"Siku ileile."

Msimamizi alifunga kifuniko cha inveta taratibu, kama mtu anayemsitiri mwenzake. Shangazi ndiye aliyekwenda kwenye maboksi, na wote aliowahi kuwakaripia walipita pale wakiangalia pembeni. Afadhali wangemtukana.

Aliporudishwa mezani, wa kwanza kumfikia alikuwa Kicheko.

"Bangili, mama," alisema, kwa sauti ileile aliyosemwa nayo.

Shangazi akanyoosha mkono, macho chini, akakaguliwa kama mtoto wa shule.

Tangu hapo, mpaka Mungu alipomwita, hakugusa kazi kabla Kicheko hajauvuta waya wake kuona kama umeshika. Aibu haikumwisha, ila kwenye sala, penye kuomba msamaha hakuparuka tena.

Kicheko alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, penye alama ya bangili, alikawia.